Mdhamini wa Faraji

Wakulima wa umoja wa mboga na matunda pale Lushoto walikuwa na mzaha wao kuhusu mratibu wao, Stephano. Walisema kwamba mtu akipotewa na siku za juma asihangaike kutafuta kalenda. Aulize tu Stephano yuko kijiji gani. Akiwa Mtae, ni Jumatatu. Akiwa Rangwi, ni Jumanne. Akiwa ofisini Lushoto, amefunga vifungo vyote vya sweta na kuwapigia simu madereva mmoja baada ya mwingine, basi ni Jumatano, na kesho yake malori yanateremka kwenda Dar es Salaam. Mzaha huo ulimfikia mara nyingi, wala haukumuudhi. Yeye aliupokea kama sifa.

Alizaliwa Mtae, kwenye ncha ya milima, mahali ambapo barabara huchoka kabla ya msafiri na ambapo mtu akisimama uani kwake huyaona mawingu chini ya miguu yake. Baba yake alikuwa mkulima wa pichi na mzee wa usharika wa Kilutheri. Stephano alisoma vizuri mpaka kidato cha nne, kisha akasomea ushirika kwa ngazi ya cheti, na hapo masomo yakasimama, kwa sababu nyuma yake walikuwapo wadogo zake na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa. Hakulalamika. Aliingia katika umoja wa wakulima kama mbeba matenga, akapanda ngazi moja moja, mpaka akafikia kazi iliyomfaa kuliko zote: kuhakikisha kwamba pichi za Mtae, karoti za Rangwi na kabichi za Lukozi zinakutana ndani ya lori moja, siku moja, na kufika sokoni zikiwa bado na sura ya kununuliwa.

Ndipo lilipotoka tangazo la kazi la kampuni kubwa ya teknolojia, ile ambayo hata bibi asiyejua kusoma huitambua alama yake kwenye simu ya mjukuu. Kampuni hiyo ilikuwa inatafuta meneja wa programu, atakayesimamia mpango mpya wa kuwaunganisha wakulima wa nyanda za juu na wanunuzi kwa njia ya simu. Tangazo lilieleza wazi kwamba hatafutwi fundi wa mitambo, bali mtu wa kuzifanya kazi za watu wengi zikutane kwa wakati wake. Stephano alilisoma akiwa peke yake ofisini, akalirudia, akahisi kama kuna mtu aliyekuwa akimfuata nyuma miaka yote hiyo, akiandika anayoyafanya. Akaomba kazi hiyo. Hakumwambia mtu ila mkewe, Secilia.

“Meneja wa programu,” Secilia alirudia huku akimenya viazi. “Programu ya nini? Ya redioni?”

“Ni kazi ya kuratibu, Mama Esta.”

“Si ndiyo unayoifanya?”

“Hii ni ya kampuni kubwa.”

“Basi utaratibu kabichi kubwa,” alisema Secilia. Lakini jioni hiyo hiyo alilitoa sandukuni koti la mumewe la harusini, akalianika.

Majira ya baridi yalipoanza, Stephano aliitwa kwenye usaili. Ungefanyika Jumatano, kwa njia ya mtandao. Habari hiyo aliitunza kifuani, na kila alipokuwa njiani, kati ya kijiji na kijiji, aliitoa akaitazama, kisha akairudisha mahali pake. Alikuwa na furaha ya mtu anayejua jambo ambalo wenzake hawalijui.

Furaha hiyo ilikatika Jumatatu ya juma lile lile, kabla hajaondoka kwenda Mtae. Faraji, msaidizi wake, aliingia ofisini mapema kuliko kawaida.

Faraji alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, mtoto wa Mzee Hamisi, mkulima wa bustani wa Lukozi. Alikuja kwenye umoja akitoka chuoni, amevaa viatu vya kukanyagia sakafu, na Stephano ndiye aliyempeleka gulioni kununua buti. Ndiye aliyemfundisha namna ya kuzungumza na dereva aliyelala vibaya, namna ya kuitambua kabichi iliyojaa maji, na namna ya kujua uzito wa tenga kwa kulinyanyua upande mmoja tu.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Mbona leo umemtangulia jogoo?”

“Nina jambo. Naomba usinicheke.”

“Sema, nina safari.”

“Kuna kampuni ile kubwa, imetangaza kazi ya meneja wa programu. Niliomba, hivi hivi tu, kujaribu. Wameniita usaili Ijumaa.” Faraji alishika ukingo wa meza. “Walitaka mdhamini, mtu aliyenifundisha kazi. Nimekuandika wewe. Najua ilinipasa nikuombe kwanza ndipo nikuandike. Nisamehe, kaka.”

Nafasi ilikuwa moja. Stephano aliyajua hayo, kwa kuwa tangazo lenyewe alikuwa karibu kulikariri. Alitafuta neno la kusema, akalipata moja.

“Hongera,” alisema.

Angeweza wakati huo huo kumwambia kwamba yeye pia ameitwa. Neno lilifika mdomoni, likageuka likarudi. Alichukua mwavuli wake, akaenda zake Mtae, na njia nzima hakuona kitu isipokuwa Faraji.

Wivu huo haukuzaliwa siku hiyo. Ulikuwapo tangu zamani, mdogo mdogo, kama ukungu unaoingia chini ya mlango. Stephano aliona kwamba madereva walipokwama walimpigia Faraji kwanza. Aliona kwamba akina mama wa Rangwi waliokuwa wakiosha karoti mtoni walicheka mara tu Faraji alipotokea kilimani, kabla hata hajafungua kinywa. Na yeye Stephano alipotokea walijifuta mikono, wakasimama, wakamwamkia. Heshima alikuwa nayo tele. Alitamani, walau siku moja, akina mama wale wacheke. Aliona hata namna Faraji alivyovaa sweta lake, vifungo wazi, kama mtu asiyesikia baridi, na jambo hilo dogo lilimkera kuliko alivyoweza kujieleza.

Na juu ya yote hayo lilikuwapo jambo la pichi.

Alipopewa kazi ya kupanga safari za malori, uamuzi wa kwanza wa Stephano ulikuwa kwamba Mtae ipakie kwanza. Lori lingelala Mtae, na alfajiri lingeanza na matenga ya pichi za kwao, kisha ndipo literemke Rangwi na Lukozi. Watu wa Mtae, waliozoea kuwa wa mwisho kwa kila kitu, tangu umeme mpaka mganga, waliipokea heshima hiyo kwa furaha kubwa. Hakuna aliyesema lililo wazi. Tenga lililotangulia kuingia lorini ndilo linalokaa chini. Na juu ya pichi za Mtae yalipangwa magunia ya karoti, na juu ya karoti yakapangwa magunia ya kabichi na viazi. Kila juma pichi zilifika sokoni zimepondeka, na kila juma wazee wa Mtae walilaumu barabara, mvua, hata wachuuzi. Mpangilio haukulaumiwa na mtu, maana mpangilio ulikuwa wa mtoto wao.

Faraji alikwenda Mtae pamoja na Stephano kwenye kikao cha wakulima, msimu uliotangulia. Watu walipokwisha kuilaumu barabara, aliinua mkono.

“Samahani wazee wangu,” alisema, “barabara haina kosa. Pichi zinaumia kwa sababu zinapakiwa kwanza. Lori lingelala Lukozi, likapakia kabichi, halafu pichi zikateremshwa kwa gari dogo na kuwekwa juu, zingefika salama.”

Mzee Benjamini, aliyekuwa mwenyekiti wa kikao, alimwuliza Stephano kwa Kishambaa kama huyu kijana ni wa wapi.

“Wa Lukozi,” Stephano alijibu.

“Ahaa,” alisema Mzee Benjamini. “Kumbe anataka Lukozi ndiyo iwe ya kwanza.”

Watu walicheka. Faraji hakukaa chini. Alikwenda nje akarudi na tenga tupu, akaliweka katikati ya wazee, akaweka pichi chache ndani, chini kabisa, na juu akaweka kabichi aliyoiomba jikoni kwa mwenyekiti. Akalitikisa tenga kama barabara inavyolitikisa lori. Kisha akaitoa kabichi. Wazee waliinama wote kutazama, na baada ya kutazama waliyainua macho yao, wakamtazama Stephano.

Aibu ya siku ile Stephano hakuisahau. Kwake ilikuwa sawa na kuvuliwa koti mbele ya baba yake. Mtu mwenye malezi, akiona kosa la mkubwa wake, humfuata pembeni, jioni, akamwambia kwa sauti ya chini. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na hivyo ndivyo alivyowalea wengine. Mpangilio aliubadilisha, lakini kwa muda mrefu hakuweza kumtazama Faraji bila kuliona lile tenga.

Jumatano ikafika. Stephano alikodi chumba cha mikutano katika hosteli moja ya mjini, ambako mtandao haukatiki ovyo. Alivaa koti la harusini, lililokuwa bado na harufu ya sanduku, akaketi mbele ya kompyuta wima kabisa. Kwenye kioo walitokea watu wawili. Mmoja alikuwa kijana wa Kizungu aliyejitambulisha kwa jina la kwanza tu na kuandika muda wote. Mwingine alikuwa mwanamke wa makamo, Bi. Sharifa, mwenyeji wa Tanga aliyehamia Dar es Salaam, mwenye sauti ya taratibu na miwani aliyoivua kila alipouliza swali. Waliuliza kwa Kiingereza, na Bi. Sharifa alipoona mgeni wake anatafuta maneno, alimruhusu aendelee kwa Kiswahili, na yeye akamtafsiria mwenzake.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri sana. Waliuliza namna anavyopanga kazi ya vijiji vingi, naye aliwaeleza kuanzia mvua mpaka dereva, na yule kijana aliandika bila kuinua kichwa. Waliuliza afanyeje lori likiharibika njiani, naye aliwaeleza afanyavyo. Stephano alianza kujiona ameketi ndani ya ofisi yao.

Bi. Sharifa akavua miwani.

“Tueleze, Bwana Stephano, kuhusu siku ambayo mlipishana kauli na mwenzako kazini. Labda wewe ulimpinga mkubwa wako, au aliye chini yako alikupinga wewe. Ilikuwaje, na mlimalizaje?”

Tenga la pichi lilimjia mara moja. Aliliona kama lilivyokuwa, na nyuso za wazee zimeinama juu yake. Akalifukuza. Mtu hakodi chumba na kuvaa koti ili akawasimulie wageni aibu yake.

“Haijawahi kutokea,” alijibu.

“Hata mara moja?”

“Kwetu watu wanaheshimiana, mama. Katika ofisi yangu hakuna mabishano.”

Bi. Sharifa alivaa miwani, akaivua tena. “Basi jambo dogo tu. Siku ambayo mpango wako haukufanya kazi, na mtu akakuonyesha.”

“Mipango yangu,” alisema Stephano kwa upole, akiamini kwamba sasa anajenga ukuta wa mwisho wa nyumba, “huwa naipanga vizuri kabla, ili jambo kama hilo lisitokee.”

Yule kijana aliacha kuandika. Bi. Sharifa alishukuru, akauliza mawili matatu mengine, wakaagana. Stephano alitoka nje, akasimama chini ya misonobari akiuhisi moyo wake mwepesi. Alijiona kama mtu aliyepita mtihani bila kufuta hata jibu moja.

Ijumaa hakuwa na shughuli yoyote mjini, lakini alijitafutia. Alikwenda kununua betri, kisha akakumbuka misumari, na duka la misumari lilikuwa ng’ambo ya hosteli ile. Alichagua misumari kwa muda mrefu mpaka muuzaji akamwuliza kama anajenga kanisa. Hatimaye Faraji, aliyekodi chumba kile kile kwa usaili wake, alitoka hostelini, sweta wazi, kompyuta kwapani.

“Kaka, kumbe uko hapa. Shikamoo.”

“Marahaba. Nilipita kununua misumari. Vipi, wamekuulizaje?”

“Maswali mengi. Mengine nimeyajibu ovyo.” Faraji alitabasamu. “Ila walicheka mara mbili.”

“Walicheka nini?”

“Sijui hata. Nilikuwa naeleza jinsi nilivyolipeleka gari dogo Mtae likakwama, tukalisukuma na mchungaji.”

Stephano aliirudia habari hiyo kichwani mpaka nyumbani. Walicheka mara mbili. Yeye hawakucheka naye hata mara moja. Walimsikiliza kama akina mama wa Rangwi: wamejifuta mikono na kusimama. Alimsimulia Secilia, na Secilia, aliyekuwa akiyajua yote isipokuwa jambo la pichi, alimtazama kwa muda.

“Baba Esta, wewe huna homa ya kazi. Una homa ya Faraji.”

“Mimi ndiye niliyemfundisha.”

“Ndiyo. Sasa mbona unamnyima bahati yake?”

“Sijamnyima.”

“Basi usinunue misumari tena. Imejaa ndani.”

Juma lililofuata barua pepe ilifika. Ilikuwa ya adabu, yenye shukrani mwanzo na mwisho, na katikati ilisema kwamba kampuni haitaendelea naye. Stephano aliisoma akiwa amesimama. Alikaa. Hakujisikia hasira na kampuni. Kampuni ilikuwa mbali, haikuwa na uso. Uso uliomjia ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa umeketi chumba cha pili ukizungumza na dereva na kucheka.

Kesho yake, akiwa peke yake ofisini, simu iliita. Alikuwa Bi. Sharifa.

“Bwana Stephano, nimeona nikupigie mwenyewe. Faraji amekuandika wewe kuwa mdhamini wake. Najua tumekujibu jana tu, na najua hali hii si nyepesi. Ukiona ni vigumu, sema bila wasiwasi. Nitamwomba atupe mtu mwingine.”

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi, na mtu mwingine angetoka. Stephano hakutaka kutoka. Alielewa kwamba kazi ya Faraji imekuja kukaa katika kiganja chake, na kiganja hakikutaka kufunguka.

“Hakuna tabu,” alisema. “Niulize.”

Aliuliza kama Faraji anawahi kazini, naye akasema anawahi. Aliuliza kama ni mwaminifu, naye akasema ni mwaminifu, kwa sababu kusema vinginevyo kungekuwa uongo, na uongo wa namna hiyo hakuwa tayari kuubeba. Aliuliza kama wakulima wanamwamini. “Wanampenda,” alisema Stephano, na neno hilo lilimtoka kwa shida.

“Kila mtu ana upungufu wake,” alisema Bi. Sharifa. “Wa kwake ni upi?”

Stephano alikuwa akilingoja swali hilo. Aliupata mshale ambao haukuwa wa uongo hata kidogo, na kwa kadiri alivyoyajua maisha ulikuwa unatosha kumwangusha mtu yeyote.

“Anabisha,” alisema. “Ni kijana anayebisha, mama, tena mbele za watu. Hangoji kuwa pembeni. Aliwahi kunipinga mimi, mkubwa wake, katika kikao, kijijini kwetu, mbele ya wazee walionilea. Alisema mpango wangu wa kupakia malori una kosa. Walipomcheka hakukaa chini. Alileta tenga, akawaonyesha.”

Stephano alingoja kwa ridhaa. Alijua sasa Bi. Sharifa amevua miwani.

“Na je,” Bi. Sharifa aliuliza, “alikuwa sahihi?”

Swali hilo hakulitarajia. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kuuliza hivyo. Pale Mtae waliuliza kijana ni wa wapi. Mkewe angemwuliza kwa nini hakusema pembeni. Mchungaji angemwuliza kama wamepatana. Alitazama dirishani, akaona watu wakipita na makoti yao, kila mtu na lake. Neno “hapana” lilikuwa jepesi na karibu. Wazee wa Mtae hawangeulizwa na kampuni, na Faraji hangejua kamwe. Alifungua kinywa akilikusudia neno hilo hasa. Lakini alikuwa ameyapokea mwenyewe matenga yale, msimu mzima baada ya kikao, na kuyafunua kwa mkono wake kabla ya safari. Na kwa habari zilizomrudia kila juma kutoka sokoni, alizijua pichi zile zilivyofika. Akashindwa kuzisema vibaya pichi.

“Alikuwa sahihi,” alisema. “Hazikupondeka tena.”

“Na wewe ulifanyaje?”

“Sikusema naye juma zima, ila kwa salamu. Lakini mpango niliubadilisha safari iliyofuata. Nilitafuta gari dogo, nikazungumza na watu wa Lukozi ili walipokee lori usiku. Mtae walidhani nimewanyang’anya heshima yao, nikawaendea nyumba kwa nyumba kuwaeleza. Huko nilikwenda peke yangu. Faraji wasingemsikiliza.”

“Wakakubali?”

“Baadaye, walipoona malipo.”

Aliposema tena, sauti ya Bi. Sharifa ilikuwa ya taratibu zaidi.

“Bwana Stephano, hili ungetueleza Jumatano ile.”

Neno hilo lilimwingia Stephano polepole, na lilikuwa na uchungu wa namna yake: kwamba jibu walilolitaka alikuwa nalo, ameliketia juu ya kiti kama mtu anayekalia kofia yake akiitafuta.

“Jumatano ile nilikuwa najieleza mimi, mama,” alisema. “Mtu hawezi kupeleka aibu yake mbele za watu na kuomba kazi nayo.”

“Mimi ni mtu wa Tanga, nakuelewa,” alisema Bi. Sharifa. “Hata hivyo tunayemtafuta ni mtu atakayetuambia tumekosea, kabla hatujapeleka makosa yetu kwa maelfu ya wakulima. Ahsante kwa kunipa ukweli.”

Simu ikakatika. Stephano alibaki ameishika. Alikuwa amerusha mshale kwa nguvu zake zote, na huko ulikofika umepokelewa kama ua.

Faraji alipata kazi. Jumapili iliyofuata, mchana, alikuja nyumbani kwa Stephano pamoja na baba yake, Mzee Hamisi, aliyevaa kanzu safi na koti zito juu yake, akiwa na kitenge cha Secilia ndani ya mfuko. Walikaribishwa, wakaamkiana kwa mapana, wakaulizana habari za mashamba, mvua na wagonjwa mpaka zikaisha.

“Mwalimu,” alisema Mzee Hamisi, maana alimwita Stephano mwalimu tangu siku ya zile buti, “nimekuja kurudisha shukrani. Nilikupa kijana hajui hata kufunga tenga. Leo ameitwa na watu wakubwa. Mungu akuzidishie.”

“Amejitahidi mwenyewe, mzee,” alijibu Stephano.

“Na wewe uliwaambia maneno mazuri. Huyu ameniambia walikupigia.”

Faraji aliweka kikombe chini. “Kaka, kwani walikuuliza nini?”

“Waliniuliza kama unawahi kazini.”

“Na kingine?”

“Waliniuliza upungufu wako.”

“Ukasemaje?”

Secilia, aliyekuwa akimimina chai, alisimamisha birika hewani. Stephano alimtazama kijana yule, sweta wazi kama kawaida yake, na aliona kwamba anaweza kujibu kwa maneno laini na mambo yakaishia hapo.

“Niliwaambia unabisha,” alisema. “Niliwasimulia Mtae. Nilitaka wakukatae, Faraji. Mimi pia niliomba kazi hiyo. Nilisailiwa siku mbili kabla yako, wakanikataa.”

Mzee Hamisi aliitazama mikono yake. Faraji, kwa mara ya kwanza tangu ajulikane pale mjini, alikosa la kubishia.

“Halafu waliniuliza kama ulikuwa sahihi,” Stephano aliendelea. “Nikawaambia ulikuwa sahihi. Hilo sikukuambia siku zote hizi. Ulikuwa sahihi kuhusu pichi.”

“Kaka,” alisema Faraji hatimaye, kwa sauti ya chini, “ningejua umeomba, nisingeomba.”

“Hapo sasa ungekosea,” alisema Stephano.

Mzee Hamisi alicheka kwanza, kicheko kifupi cha mtu aliyeondolewa mzigo, na Secilia akaendelea kumimina chai. Mazungumzo yalirudi polepole kwenye safari ya Dar es Salaam, chumba cha kupanga na joto la huko, ambalo Mzee Hamisi aliliogopa kwa niaba ya mwanawe. Walipoaga, Stephano aliwasindikiza mpaka barabarani, kama adabu ilivyotaka, akampa Faraji mkono. Mkono wa Faraji ulikuwa wa moto na wake ulikuwa wa baridi. Alisimama akiwatazama wakiteremka, baba na mwana, mwana akizungumza kwa mikono miwili na baba akitikisa kichwa, na aliwatazama zaidi ya adabu inavyodai.

Aliporudi ndani Secilia alikuwa amekwisha kupakua ugali.

“Umefanya vizuri, Baba Esta.”

“Hm.”

“Wivu umeisha?”

Stephano alifungua vifungo viwili vya juu vya sweta, kwa sababu jiko lilikuwa limekolea moto, akavuta kigoda.

“Bado,” alisema, akanawa mikono.